Friji Lililomsukuma Mama Mkwe

Shemeji yangu ni bingwa wa kutengeneza vitu visivyoharibika mpaka vitumike!

Nasema haya nikiwa na akili zangu timamu. Rafu aliyoipigilia jikoni kwa dada yangu ilikaa ukutani muda mrefu, imara kama askari wa gwaride, mpaka siku dada alipoweka kikombe juu yake. Kikombe kimoja! Kitupu! Na mlango wa choo alioutengeneza unafunga vizuri ajabu. Shida yake ni kufunguka.

Kazini kwake, kwenye ofisi ya bima, shemeji hukaa nyuma ya meza akiwaeleza watu waliogongwa kwa nini hawakugongwa vya kutosha. Lakini akishafika nyumbani, akavua tai na kushika nyundo, anageuka Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe. Mtaa mzima ukalikubali, maana kumbishia kunachosha kuliko kumwita.

Sasa dada yangu, mke wa huyo Injinia, ni mpishi wa keki. Si keki za mchezo! Ni keki za krimu, za ghorofa, zenye maua ya sukari ambayo ukiyatazama unatamani kuyamwagilia maji. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza biashara, na mama yetu akamtafutia kazi kubwa: rafiki yake wa tangu ujana alikuwa anaoza binti, mji wa mbali kidogo, njia ya milima na mabonde mwanzo mpaka mwisho. Keki ya ghorofa tatu. Mama alimwambia rafiki yake, "Mwanangu akikosea, nilaumu mimi."

Kwa hiyo ndani ya keki ile kulikuwa na mayai, siagi, sukari na heshima ya mama.

Krimu na jua hawapikiki chungu kimoja. Dada akajinyima, akanunua friji la safari, lile linalotumia umeme wa gari. Umbo lake kama sanduku, na mfuniko wake unafunguka kwa juu. Walipoliingiza kwenye buti la gari lao, lile gari lenye buti refu nyuma ambalo Injinia huliita "Ndege", wakagundua kwamba paa liko chini mno. Mfuniko ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, basi.

"Si neno," akasema dada. "Tukifika tutalishusha chini, tufungue."

"Kulishusha?" Injinia akashangaa kama ameambiwa aliimbie. "Mke wangu, dunia imeshatoka huko! Naunda droo."

"Droo ya nguo?"

"Droo ya friji! Unafungua mlango wa nyuma, unavuta, friji linatoka lenyewe kukusalimia. Linapanda reli kama treni!"

Dada akaniangalia. Mimi nikaangalia angani.

"Mkanda mmoja wa kufungia mizigo unatosha," dada akasema.

"Mkanda ni wa watu waliokata tamaa," akajibu Injinia, na kesho yake asubuhi akaanza kazi.

Alinikuta nimekuja kunywa chai, akanifanya msaidizi. Alipima buti kwa shibiri. Futi kamba ilikuwepo, tena kaining'iniza kiunoni kama bastola, lakini hakuichomoa hata mara moja. Akakata plaiwudi, akapiga msumari, akapiga kidole, akapiga kelele, akaendelea. Kufika saa ya chakula, sanduku la droo likawa limesimama barazani, zuri, la kupendeza. Tukalibeba mpaka kwenye gari.

Halikuingia.

Lilizidi mlango kwa unene wa kidole gumba. Injinia akalisukuma, akalilaza ubavu, akalibembeleza. Mwisho akarudi nyuma hatua kadhaa, akalitazama gari kwa jicho la huruma.

"Gari limepungua," akasema.

"Limepungua?"

"Chuma hicho, shemeji. Kinanywea. Hujui mambo haya."

Tukalikata upya. Sasa mbao zikapelea. Injinia akaingia ndani ya nyumba, nikasikia kitu kikikokotwa, kisha akatoka na mbao safi, nyembamba, zimenyooka kama rula. Sikuuliza. Fundi haulizwi mbao zimetoka wapi, hasa fundi mwenye msumeno mkononi.

Zikaja reli. Hapo sitamsingizia, reli zilikuwa za maana: za chuma, ndefu, nzito, na kila moja ina komeo dogo la kubinya ili droo itoke. Lakini Injinia alizifunga kichwa chini miguu juu, na yale makomeo yakawa yanakwaruza sakafu ya buti. Krii! Krii! Akachukua spana, akayafungua yote mawili, akayatupa pembeni.

"Shemeji," nikasema, "hayo si ndiyo yanayoizuia droo isitoke yenyewe?"

"Wewe ulisomea nini?"

"Uhasibu."

"Basi hesabu skrubu."

Nikahesabu skrubu.

Halafu akapaka grisi. Jamani, grisi! Alipaka grisi mpaka reli zikawa zinameremeta kama mashavu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akaliweka friji juu ya droo, akalikaza kwa skrubu ndefu, akaita majirani. Alivuta kwa kidole kimoja. Droo ikatoka srrrrr, laini, kimya, friji likaja nje zimazima kama bwana harusi anayetolewa chumbani.

"Aaaah!" wakasema majirani.

"Bado! Tazameni!" Akarudi nyuma, akajaza mashavu upepo, akapuliza. Naapa, droo ilijongea!

Watu wakapiga makofi. Ni bibi mmoja tu, jirani wa nyumba ya pili, aliyeuliza, "Na gari likipanda mlima?"

"Bibi," akasema Injinia kwa upole wa mwalimu, "friji halina macho. Litajuaje kama kuna mlima?"

Bibi akafikiri kidogo, akaenda zake.

Alasiri ile mama akafika, maana na yeye alikuwa anakwenda harusini. Alikuwa amechoka na njia, akaomba ajinyooshe kidogo kwenye chumba cha wageni. Sisi tulikuwa sebuleni. Tukasikia "aaah" ya mtu anayepumzika. Kisha tukasikia "mh?" Kisha kishindo!

Tukakimbia. Godoro lilikuwa limekunjika katikati kama bahasha, na mama yumo ndani kama barua. Miguu juu, kichwa juu, kiuno hakionekani.

Tulipomtoa, dada akainua godoro. Kitanda kilikuwa na fremu na miguu minne. Chaga, hata moja hakuna!

"Chaga za kitanda ziko wapi?" dada akauliza polepole.

Sote tukamgeukia Injinia. Akakohoa.

"Mama," akasema, "ziko kwenye maendeleo."

Mama hakusema neno. Akajipangusa gauni, akaenda kukaa sebuleni kwenye kiti cha chuma, baada ya kukitikisa kwanza. Mama yetu akigomba, ujue kuna matumaini. Akinyamaza, omba radhi hata kama hujui umekosa nini.

Kesho yake asubuhi tukafunga safari. Dada aliziingiza zile ghorofa tatu kwenye friji, kila moja kwenye trei yake, akaziegemeza vizuri kwa vipande vya sponji ya godoro. Angezipandisha moja juu ya nyingine hukohuko ukumbini. Alifunga mfuniko taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala.

Injinia alivaa suti ya kijivu, tai nyekundu na miwani ya jua. Dada akakaa mbele, pembeni yake. Mama na mimi tukakaa nyuma, mama upande uliokuwa mbele kabisa ya friji. Waya wa friji ulikuwa lazima ufike kwenye tundu la umeme pale karibu na redio, kwa hiyo ulipita juu ya kiti, ukavuka mapaja ya mama, ukapenya katikati ya viti vya mbele. Mama akawa amefungwa mikanda miwili: mmoja wa sheria, mmoja wa mkwe.

Mwanzo mambo yalikuwa mswano. Barabara ilikuwa tambarare, Ndege inapaa, Injinia anapiga mluzi.

Kikaja kimlima. Kidogo tu, cha kumsalimia mtu.

Srrrrr... BAM!

"Nini hiyo?" dada akaruka.

"Friji limekaa sawa," akajibu Injinia.

Tukafika juu, tukaanza kuteremka. Injinia akagusa breki.

Srrrrr... BUM!

Mama akasukumwa mbele na kiti chake mpaka pua ikamgusa dada kisogo. Akarudi nyuma, akatengeneza miwani yake, akageuka kutazama nyuma, akanigeukia mimi, akamgeukia mkwe wake.

"Baba," akasema, "huko nyuma kuna nani?"

"Friji, mama."

"Mbona linabisha hodi?"

"Linajitafutia nafasi, mama. Likishazoea barabara litatulia."

"Ni friji au ndama?"

Injinia akacheka peke yake.

Lakini barabara ile, kama nilivyosema, ni ya milima na mabonde. Tukipanda, srrrrr, bam! kwenye mlango wa nyuma. Tukishuka, srrrrr, bum! kwenye mgongo wa mama. Tena tukipanda, waya unavutika, unambana mama tumboni, unachomoka kwenye tundu. Mimi nainama kuuchomeka. Nikiinuka tu, tumeanza kuteremka. Bum! Mama akawa anahesabiwa na friji kama shanga za tasbihi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, macho kayatoa, kama mtu aliyeketi juu ya punda asiyemjua.

"Simama!" dada akapiga kelele. "Keki yangu! Simamisha gari!"

Tukasimama pembeni. Dada akafungua mlango wa nyuma, akavuta droo, akafungua friji, sote tukachungulia huku tumeshika pumzi.

Keki zilikuwa salama! Ua moja tu la sukari lilikuwa limedondoka, na krimu imechubuka kidogo upande. Zile sponji zilikuwa zimefanya kazi ya Mungu.

"Sawa," dada akasema, akishusha pumzi. "Mume wangu, sikiliza. Bado hatujaharibu kitu. Tulifungue friji, tuliweke kiti cha nyuma, tulifunge mkanda, yaishe. Nakuomba."

Pale ndipo mambo yote yangeishia vizuri, na mimi nisingekuwa na hadithi. Lakini Injinia alisimama pale kandokando ya barabara, mikono kiunoni, kidevu juu.

"Tukilitoa sasa, watu watasema droo imeshindwa."

"Watu gani?"

Tulitazama huku na huku. Kulikuwa na mbuzi mmoja ng'ambo ya barabara, anatafuna. Kweli alikuwa anatuangalia.

"Ni suala la kamba tu," akasema Injinia. Kamba hatukuwa nayo. Basi akafungua mkanda wa suruali yake, ngozi halisi, zawadi ya ofisini, akaupitisha kwenye mpini wa friji na kwenye ndoano iliyo nyuma ya kiti cha mama, akaukaza kwa meno. "Sasa hata tetemeko la ardhi!"

Akarudi kwenye usukani, mkono mmoja kashika funguo, mwingine kashika suruali.

Nataka niwe mkweli. Ule mkanda ulijitahidi. Ulishika mlima wa kwanza, ukashika wa pili, Injinia akaanza tena mluzi wake. Hata mama alilegeza mikono kidogo. Hatimaye tukaingia ule mji wenye harusi, na ukumbi, tukaelekezwa, upo juu kileleni. Mbele yetu ulisimama mtaa mmoja umenyooka kwenda mbinguni, maduka huku na huku, watu wamejaa.

Injinia akaingiza gia ya kwanza. Ndege ikanguruma. Katikati ya mlima nikasikia paaa! kama bunduki. Ule ulikuwa mkanda. Kisha srrrrr. Kisha BAM ambayo haikufanana na bam zile nyingine. Hii ilikuwa bam yenye mwisho. Upepo ukaingia. Mwanga ukaingia. Waya ukachomoka, ukampiga mama kofi la begani, ukapotea nyuma kama nyoka mwenye haraka.

Nikageuka. Mlango wa nyuma ulikuwa juu, umefunguka wote. Droo ilikuwa nje, imetoka mpaka mwisho wa reli. Na friji lilikuwa huko nje hewani, juu ya lami, linatazama mtaa kama ulimi wa mtu anayepimwa na daktari.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Friji limetoka!"

"Limetengenezwa litoke!" akajibu bila kugeuka.

"Limetoka nje!"

"Sasa litokee wapi, ndani?"

Watu huko pembeni wakaanza kunyoosha vidole. "Friji! Oyaa! Friji!" Wauza duka wakatoka milangoni. Watoto wakakimbia kando ya gari. Injinia akateremsha kioo, akavua miwani ya jua, akaanza kupunga mkono.

"Mnaona?" akatuambia, uso umechanua. "Mpaka huku habari zimefika! Wanashangilia droo!" Akapiga honi. Pii-pii! "Asanteni! Asanteni sana!"

Tulikuwa tunampita kijana wa baiskeli, amebeba kreti ya mayai, jasho linamtiririka kwa ule mlima. Alipoona friji linampita mbele ya pua, na mpini wake unang'aa, hakujiuliza mara mbili. Aliudaka mpini kwa mkono mmoja, akaacha kupiga pedali, akajinyoosha kama mtu aliyepanda mashua. Tukawa tunapanda hivyo: Injinia anapunga mikono mbele kama mgeni rasmi, sisi wengine tunapiga mayowe katikati, na mtu wa mayai anavutwa na friji nyuma, anatabasamu.

Tulipofika kileleni, dada akageuka mwenyewe, akaona. Aliyopiga haikuwa kelele, ilikuwa king'ora. Injinia akashtuka, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Ole wetu! Friji lilirudi nyumbani kwa kasi ya mtu aliyesahau jiko linawaka.

SRRRRRRR... BUUUUM!

Miwani ya mama iliruka, ikatua kwenye mapaja ya Injinia. Mama mwenyewe alikuwa katikati ya viti vya mbele, shavu kwa shavu na redio. Kijana wa baiskeli alikuwa ameshaachia mpini, akatupita dirishani taratibu, mayai yake mazima.

"Asanteni kwa lifti!" akasema, akaenda zake.

Tukashuka. Dada akafungua friji.

Zile ghorofa tatu zilikuwa zimehamia chumba kimoja! Chini juu, juu chini, krimu ukutani, sponji ya keki imekumbatiana na sponji ya godoro. Ua moja la sukari, sijui kwa miujiza gani, lilikuwa limesimama pale juu kabisa, zima, linachekelea.

Injinia akachungulia. Akameza mate. "Kwa juu juu," akasema, "hakuna kilichopungua."

Dada hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alishika ukingo wa friji kwa mikono yote miwili, akatazama ndani. Mama akaja akasimama karibu yake, miwani imepinda, akamwekea mkono mgongoni. Wote wawili walikuwa wanafikiria jambo lilelile: rafiki wa mama, mlangoni pa ukumbi, anasubiri keki ya binti yake.

Kisha dada akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena.

"Ladha ipo," akasema. Akafunga mfuniko. "Twendeni. Nataka gilasi."

Mama wa bibi harusi alitupokea mlangoni kwa vigelegele, lakini vilikatika alipotuona. Mama kapinda miwani, mimi nimepakwa grisi, dada ana krimu mpaka kwenye nyusi, Injinia kashika suruali.

"Tumepata ajali njiani," dada akamwambia, macho kwa macho. "Keki imeumia. Nipe meza moja jikoni na gilasi zote mlizonazo. Nisipokufurahisha, usinijue tena."

"Poleni jamani! Mmeumia?"

"Mgongo tu," akasema mama.

Wale mama wawili wakatazamana, na yule rafiki akawaita wahudumu.

Sijawahi kumwona dada yangu akifanya kazi vile. Alitoa zile sponji za godoro moja moja, akaokoa kila kipande, akakata, akapanga kwenye gilasi: keki chini, krimu juu yake, matunda, keki tena, krimu tena, juu kabisa karanga zilizopondwa. Gilasi zikapangwa kwenye sinia mistari kwa mistari, zinang'aa kama taa. Ile ya bibi harusi akaiwekea lile ua lililopona.

Sinia zikatoka. Ukasikia vijiko tu, kling, kling, kling. Bibi harusi alimaliza yake, akamtazama bwana harusi, akamnyang'anya ya kwake. Mama wa bibi harusi alifumba macho, akatikisa kichwa, akamshika mama yetu mkono. Mama akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mshereheshaji akasimama na kipaza sauti. "Jamani! Hiki kitu kinaitwaje? Nani mbunifu wa utamu huu? Asimame tumpigie makofi!"

Dada alikuwa bado jikoni mlangoni, anapangusa mikono. Nikamwona Injinia anajitikisa kitini. Nikamshika koti.

"Shemeji, kaa."

Koti likabaki mkononi mwangu. Yeye akaenda.

Alichukua kipaza sauti kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na majukumu ya suruali. Akasafisha koo.

"Mabibi na mabwana! Siri ya utamu huu ni kuchanganya. Keki hii ilikuwa ya ghorofa tatu, ya kawaida kabisa, kama mlizozizoea. Lakini droo yangu ya friji, niliyoiunda kwa mkono huu, ndiyo iliyoikoroga njia nzima! Mlima kwa mlima, bonde kwa bonde! Bila droo ile, leo mngekula keki tu!"

Makofi yalianza, kisha yakafa njiani. Mama wa bibi harusi alikuwa ameweka kijiko chini.

"Ngoja kwanza," akasema, akasimama. "Hakuna gari lililowagonga?"

"Kutugonga? Hapana, mama! Barabara ilikuwa nyeupe kabisa!"

"Hamkupinduka?"

"Mimi nipinduke?"

Mama wa bibi harusi akamtazama kuanzia tai mpaka viatu.

"Kumbe ajali yenyewe imevaa suti!"

Ukumbi ulilipuka! Watu walicheka mpaka wapiga muziki wakaacha vyombo. Injinia akaona mambo yamegeuka, akainua mikono yote miwili kujitetea.

Yote miwili! Hilo lilikuwa kosa. Sitaeleza zaidi, shemeji ni mtu wa heshima zake. Niseme tu kwamba bukta ilikuwa na picha za bata.

Hukumu ilitolewa palepale. Mama wa bibi harusi alimpa aproni, akampeleka jikoni, akamwonyesha karo na zile gilasi zote, na kila gilasi ina krimu iliyokauka mdomoni. Wakati watu wanacheza ngoma, sisi tulisikia maji tu. Dada naye alikuwa amezungukwa na akina mama wanaotaka namba yake ya simu, maana kila mmoja ana shughuli inakuja, na kila mmoja anataka ile ya kwenye gilasi.

Jua lilikuwa bado linawaka tulipojiandaa kurudi. Safari hii dada alichukua funguo bila kuomba. Tulilifungua friji kwenye droo, tukaliketisha kiti cha nyuma karibu na mama, tukalifunga mkanda. Lilijaza nafasi ya watu wawili. Mimi nikakaa mbele kuelekeza njia. Kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa limekufa, kwa hiyo mkuu wa wahudumu akaja na kamba nene, akaufunga, akaacha uwazi mkubwa wa kupitisha hewa. Wakati anafunga, akaigonga ile droo tupu kwa kifundo cha kidole.

"Hizi mbao nyepesi," akasema. "Si za kubeba kitu kizito."

Injinia, aliyekuwa anasubiri kujua atakaa wapi, akaruka kama aliyechomwa sindano.

"Nyepesi? Ndugu yangu, droo hii inabeba hata mtu mzima!"

Mama alikuwa ameshaketi. Akateremsha kioo.

"Basi panda, baba."

"Mama?"

"Panda. Friji limechukua kiti chako."

Alipanda. Angefanyaje, na wahudumu wote wanatazama? Akajikunja juu ya droo, magoti kidevuni, aproni bado shingoni. Dada akaendesha polepole kama anayebeba mayai, maana pamoja na yote ni mume wake. Kimlima cha kwanza, tukasikia srrrrr, bam.

"Niko salama!" akapaza sauti kutoka nyuma.

Bonde la kwanza. Srrrrr, bum.

"Salama kabisa! Tena sikilizeni, huku nyuma nimegundua jambo! Kumbe hata kiti cha dereva kinaweza kuwekwa reli! Unafungua mlango, unabinya, unatoka nje umeketi! Wazungu hawajafikiria hili! Nikifika nyumbani naanza na..."

Mama akasogea mbele, akaweka mdomo karibu na sikio la dada.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Gusa breki kidogo."

Dada akagusa.

Srrrrr... BUM! Huko nyuma hotuba ikakatika katikati. Mama akajiegemeza kitini, akavua miwani yake iliyopinda, akaanza kusinzia.